Namba Upande wa Ndani

Mwaka wa 1975 Nakuru ilikuwa na mafundi wengi kuliko magari, na kila fundi alikuwa bingwa wa gari ambalo hajawahi kulifungua. Mimi sikuwa fundi. Nilikuwa karani wa vipuri katika gereji ya Amarjit Singh, nyuma ya stesheni ya reli, na jina langu ni Truphosa. Nalitaja mapema kwa sababu wateja wengi hawakuona haja ya kulijua. Waliingia, wakanitazama pale nyuma ya kaunta, wakatazama kushoto na kulia, halafu wakauliza, "Mwenye stoo ametoka?"

"Mwenye stoo yuko," nilikuwa nikiwajibu. "Bado hajageuka mwanamume, lakini kama ni mkanda wa feni atakuuzia hivyo hivyo alivyo."

Wengine walicheka. Wengine walikwenda kumtafuta Ndung'u, fundi wetu mkuu, wamwulize kama nilichowapa ndicho. Ndung'u alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na minne, na mikono yake ilijua injini kuliko vitabu vyangu vyote. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Alizungumza polepole mno. Akianza sentensi ungeweza kwenda kunywa chai, ukaosha kikombe, ukarudi ukamkuta bado anatafuta neno la tatu. Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilikuwa nikimmalizia sentensi zake mwenyewe, na nikijisifu kwamba ninamsaidia.

Mwezi wa tano Amarjit alitangaza kwamba mnamo Agosti atakwenda Uingereza kumwoza binti yake Tara, na atakaa huko miezi mitatu. Mtu mmoja angebaki na funguo za gereji na stoo. Hakusema ni nani, ila kila mtu alijua ni mimi au Ndung'u. Nilizitaka funguo hizo kwa moyo wangu wote. Sitajifanya kwamba nilikuwa na sababu ya heshima. Nilitaka siku moja mwanamume aingie pale, aulize mwenye mamlaka yuko wapi, na Nakuru nzima imjibu kwamba ndiye huyo unayemtazama.

Basi likaletwa gari la Peterson Waithaka.

Peterson alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa maziwa kule Bahati, mtu wa kofia na kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika. Alikuwa amenunua gari dogo la Kijapani, jekundu, kutoka kwa Mzungu mmoja wa Ndabibi aliyekuwa akiuza kila kitu arudi kwao. Mzungu alimweleza kwamba hilo ni gari la ajabu, injini yake haina pistoni hata moja. Peterson akaona amepata bahati, kwa kuwa kisichokuwepo hakiwezi kuharibika. Mzungu alisahau tu kumweleza kwamba lilikuwa halina nguvu vilevile, na kwamba lilikunywa oili kama ndama anyonyavyo. Liliingia kwetu likisukumwa na wanachama sita wa ushirika, ambao bila shaka walifurahi sana kuwaacha ng'ombe wao bila kukamuliwa ili waje wasukume maendeleo.

Amarjit aliizunguka ile injini mara mbili, akashika ndevu, macho yakamng'aa. Hakuna aliyekuwa amewahi kufungua rotari, kama injini hiyo iitwavyo, katika Nakuru yetu yote.

"Sasa sikia," akatuambia mimi na Ndung'u. "Truphosa, wewe chagua vipuri. Ndung'u, yeye funga. Gari ikipanda Bahati, ikirudi bila moshi, mimi iko furaha, na funguo ya Truphosa. Ikikataa sababu ya vipuri, funguo ya Ndung'u. Ikikataa sababu ya kufunga, Ndung'u, kumi na nne miaka, basi. Hapana weza acha gereji na mtu hapana jua kufunga."

Mambo yakawa wazi namna hiyo. Mimi ningeweza kupata funguo au kuzikosa. Ndung'u angeweza kupata funguo au kukosa kazi. Hilo la pili nililisikia kwa sikio moja tu.

Niliagiza kitabu cha vipuri kutoka Nairobi, nikakisoma usiku na mchana mpaka nikakikariri. Rotari ni injini nyepesi kuieleza. Badala ya pistoni zinazopanda na kushuka, kuna chuma cha pembe tatu, kilichovimba ubavuni, kiitwacho rota. Kinazunguka ndani ya nyumba ya chuma yenye umbo la namba nane iliyonenepa. Huku na huku nyumba hiyo imezibwa na mabamba mazito ya chuma. Kwenye kila ncha ya rota kuna kijiti chembamba kinachosugua ukuta wa nyumba, na ubavuni kuna vipande vingine vinavyosugua mabamba. Vijiti hivyo, tuliviita sili, ndivyo vinavyozuia moto usivuje. Injini nzima inaishi kwa kusugua. Nakumbuka nilivyomsomea Ndung'u ukurasa huo, kwa sauti ya mwalimu, huku nikigonga meza kwa rula.

"Ndiyo, Madam," akasema. "Kwa hivyo hizi kuta..."

"Ziwe laini, ndiyo. Tuendelee."

Siku nne nilichagua vipuri huku Peterson ameketi kwenye stuli mbele ya kaunta yangu, akinishauri. Nikisema raba fulani ya kuzuia maji imekauka ibadilishwe, yeye alichomoa mfukoni raba ya mkebe wa maziwa. "Hii ni kitu kile kile, msichana. Inashika maziwa ya Bahati yote, itashindwa na maji kidogo?" Nikamweleza kwamba maziwa hayachemki yakiwa kwenye mkebe, na yakichemka basi ushirika wake una shida kubwa kuliko gari. Nikisema springi ndogo zilizo chini ya sili zimelegea, alifungua mojawapo ya zile kalamu zisizoandika akanionyesha springi yake. Nikisema tunahitaji sili sita za ncha, tatu kwa kila rota kati ya zile mbili, aliuliza kwa nini sita na zilizovunjika ni mbili.

"Mzee," nikamwambia, "ukivunjika meno mawili ya mbele unaweza kuendelea kutafuna. Injini haitafuni."

Akapitisha ulimi juu ya meno yake ya mbele, akaacha zile sita ziandikwe.

Lakini nilijua kuchagua, na nalisema bila haya. Niliweka rula ya chuma juu ya kila bamba nikaingiza vipimo vyembamba chini yake, nikaona bamba la nyuma limelika kiasi kwamba hata kucha ingeingia. Nikalikataa. Nikapitisha kidole ndani ya nyumba mbili za rota. Moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa imebanduka ule mng'aro wake kando ya plagi, kama sufuria iliyopikiwa ugali mara elfu moja. Nikaikataa pia. Nikaandika oda, bamba moja, nyumba moja, sili zote, springi zote, raba zote, ikatumwa kwa wakala Nairobi. Baada ya wiki mbili sanduku likafika kwa treni. Ndung'u akalifungua, akachukua sili moja, akaiweka kwenye mfuo wa rota.

"Madam, hizi ni..."

"Nyembamba. Nimeona." Nikazipima kwa maikromita. Zilikuwa nusu ya unene unaotakiwa, zimetengenezewa injini ya mwaka wa baadaye. Mtu mwingine angezifunga hivyo hivyo zikacheza ndani mpaka zikaula ukuta wote. Nilizirudisha Nairobi siku hiyo hiyo pamoja na barua ambayo nadhani waliisoma wakiwa wamesimama. Wiki tatu baadaye zikaja zile zenyewe, nene, zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Amarjit aliziona akanipiga begani. "Hii mtoto iko macho," akamwambia Ndung'u. Ndung'u akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikatembea wiki nzima kama mke wa DC.

Basi Amarjit akaenda Makindu, hekaluni kwao, kwa siku nne. Alituachia kazi ya kufunga.

Asubuhi ya kwanza Peterson akaja kuona vipuri vyake vipya. Nilivipanga juu ya gunia safi. Lile bamba jipya liling'aa mpaka akajitazamia meno, na nyumba mpya ilikuwa na ukuta laini kama glasi. Nilidhani atafurahi. Alishikwa na hofu.

Nilimwelewa, maana hofu hiyo ilikuwa ya Nakuru yote. Kila mtu alikuwa na shemeji aliyeingia gereji na betri mpya akatoka na ya jirani yake. Kila mtu alimjua mtu aliyeikuta taa ya gari lake inauzwa sokoni, akainunua, akaifunga, kesho yake akaibiwa tena. Ndiyo maana watu walichora namba ya gari kwenye vioo, kwenye taa, kwenye vifuniko vya magurudumu, na wengine wangeichora kwenye hewa ya tairi kama ingeshika. Katika gereji yetu kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa na sanduku la mbao lenye mihuri ya chuma ya herufi na namba, na nyundo ndogo. Nilikuwa nimegonga namba kwenye gia boksi na dinamo kutoka Keringet hadi Naivasha. Watu walikuja kwangu kwa ajili ya hilo tu. Mistari yangu ilinyooka.

Na nilikuwa na kanuni moja, niliyoifikiria mwenyewe, na niliyoitangaza kwa yeyote aliyesimama karibu: namba igongwe ndani. Ukiigonga nje mwizi hupitisha tupa mara mbili, imekwisha. Ukiigonga ndani hawezi kuifikia bila kufungua mashine yote, na mwizi mwenye bidii ya kufungua mashine yote angekuwa ameajiriwa zamani.

"Mzee asiwe na wasiwasi," nikamwambia Peterson. "Tutagonga ndani."

Nikalilaza lile bamba juu ya gunia, uso mng'avu juu. K, M, X, halafu 6, 1, 8. Chuma kilikuwa laini kiasi cha kupendeza, kila herufi ikazama sawasawa na mwenziwe, na kingo zake zikainuka kidogo kama udongo kando ya shimo la fuko. Peterson alizipapasa kwa furaha. Akaomba na ile nyumba. Ukuta wake ulikuwa mgumu, muhuri ukaruka mara ya kwanza, nikaongeza nguvu ya nyundo mpaka ukakubali. Akaomba niongeze P.W. Nikaongeza P.W. Nilipiga hatua moja nyuma nikatazama kazi yangu, na nakumbuka vizuri nilivyofikiri: hata chuoni hawagongi hivi.

Ndung'u alikuja na rota mkononi. Akasimama. Akapitisha kidole gumba juu ya namba, mara moja, taratibu, kisha akapitisha tena.

"Madam. Hii namba iko... iko pahali..."

"Pahali pazuri. Mzee ameridhika."

"Hapana. Nasema, rota ikipita hapa, si ita..."

"Ndung'u." Nilikuwa na mteja mbele yangu, mteja ambaye siku nne alikuwa ametaka kuzungumza na mwanamume, na sasa mwanamume amekuja kunisahihisha mbele yake. "Kuchagua ni kazi yangu, kufunga ni kazi yako. Kuna shida na kufunga?"

"Hakuna, Madam," akasema.

Mchana nilitoka nyuma nikamkuta ameinama juu ya bamba, ana jiwe la kunolea na oili kidogo, anasugua. Alikuwa akisugua zile kingo zilizoinuka, polepole, kwa duara ndogo ndogo. Peterson, ambaye hakuwa na kazi nyingine duniani, alikuwa amemwona kabla yangu.

"Anafuta! Anafuta namba yangu!" akapiga kelele. "Nilijua! Ni hawa hawa!"

Na mimi, mwenye macho, mwenye kitabu kichwani, nikamwambia Ndung'u aweke jiwe chini. Nilimwambia kwa Kiingereza, ili Peterson asikie kwamba nina mamlaka. Ndung'u akaliweka chini. Akapangusa bamba kwa kitambaa, akaanza kufunga.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Amarjit alikuwa amerudi. Peterson alikuja na suti, kwa sababu siku hiyo palikuwa na mkutano mkuu wa ushirika na alikusudia kuingia uwanjani akinguruma. Amarjit akawasha. Injini ikakohoa. Akawasha tena. Betri ikaanza kulia. Mara ya nane ikashika, kwa mlio mkali wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, na moshi wa buluu ukatoka nyuma ukafunika nyumba za wafanyakazi wa reli, nguo zilizoanikwa na wenye nguo.

"Ni oili ya kufungia, itaisha," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Tulipanda wote, Amarjit usukani, Peterson kando yake, mimi na Ndung'u nyuma tumekunja magoti. Tulipofika mlima wa kwanza wa barabara ya Bahati gari lilianza kuchoka. Wanachama wa ushirika waliokuwa wakienda mkutanoni kwa baiskeli walitufikia, wakamwamkia mwenyekiti wao kwa heshima zote, wakatupita. Halafu mzee mmoja mwenye punda akatufikia. Huyo hakutupita, kwa kuwa tulikuwa tumesimama. Ndani ya injini kitu kilikwaruza mara tatu kikanyamaza. Tulirudi mjini tukivutwa na trekta la kabichi, na mkutano mkuu, nilisikia baadaye, ulikwenda vizuri kuliko miaka yote.

Jumatatu asubuhi injini ilifunguliwa juu ya meza, Amarjit upande mmoja, mimi na Peterson upande mwingine, Ndung'u akitoa kipande kimoja kimoja. Sili zangu nzuri, nene, zilizosafiri kutoka Japani, zilitoka zimemeguka ncha. Nyingine ilitoka vipande vitatu. Nilizitazama nikijaribu kuelewa. Kitu gani kingemega chuma hivyo kwenye ukuta laini kama glasi?

Hapo nikaelewa.

Nikaona jinsi rota ilivyozunguka, maelfu ya mara kwa dakika, na kila mzunguko sili imepanda juu ya K, ikashuka, ikapanda juu ya M. Nilikuwa nimegonga matuta barabarani, kwa unadhifu mkubwa, halafu nikauliza kwa nini gari haliendi.

Amarjit alikuwa ameshika sili iliyomeguka. Sauti yake ilianza chini. "Mchanga," akasema. "Iliingia mchanga. Ndung'u, wewe funga injini na mchanga? Kumi na nne miaka mimi fundisha wewe osha, osha, osha!"

Ndung'u alikuwa amesimama na lile bamba mikononi, amelikumbatia kwenye aproni yake, uso wa ndani umeelekea tumboni kwake. Niliitafuta ile nyumba ya rota kwa macho. Ilikuwa kwenye kona ya meza, na juu yake ametupa gunia, kana kwamba limeangukia pale lenyewe.

Alikuwa anaficha. Alikuwa ananificha mimi.

"Mwenyekiti," Amarjit akamwambia Peterson, "makosa ya gereji. Mimi rekebisha. Ndung'u, Jumamosi chukua boksi yako ya spana, basi." Akaingiza mkono mfukoni akatoa funguo, zote saba kwenye pete moja. "Truphosa. Vipuri ilikuwa sawa. Shika."

Nilizishika. Nataka isemwe kwamba nilizishika. Zilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na kwa muda wa pumzi tatu au nne nilisimama nazo nikimtazama Ndung'u, nikingoja aseme. Angeanza tu, ningemmalizia. Lakini alikuwa akitazama sakafu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na sentensi yoyote aliyoianza.

"Si mchanga," nikasema. "Ni mimi."

Nilikwenda nikaliondoa bamba kifuani pake. Aling'ang'ania kidogo, kisha akaliachia. Nikaligeuza mbele ya Amarjit. Akaliinamia, akapitisha kidole juu ya kila herufi kama anayesoma barua kutoka nyumbani. Nikatoa gunia juu ya nyumba akaona na P.W. Nikamwambia kila kitu, jinsi Ndung'u alivyonionya, jinsi nilivyomkatiza, jinsi alivyosugua na jiwe nikamzuia.

Amarjit hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Mzuri sana, Truphosa. Nyoofu kabisa." Akanyoosha mkono. Nikamrudishia funguo. Akampa Ndung'u, akaenda kunawa.

Peterson ndiye aliyepata neno. "Si nilisema?" akaiambia gereji nzima. "Si nilisema tangu siku ya kwanza? Mwanamke na injini! Mliniona naketi hapa siku nne mkafikiri sina kazi!" Nikamkumbusha ni nani aliyeomba namba, na ni nani aliyeomba P.W. Akasema yeye ni mwenyekiti, si fundi. Halafu akadai apewe bamba lake na nyumba yake, kwa kuwa vina namba ya gari lake na asingeviacha viibwe. Tulimfungia kwenye gazeti. Akaondoka akiwa amevipakata, na mlangoni akawaambia wateja wawili waliokuwa wakiingia wasinunue kitu kwangu. Mmoja wao alinitazama, akatazama kushoto na kulia, akatoka.

Saa ya chai nilimfuata Ndung'u nyuma ya gereji. Alikuwa ameketi juu ya tairi, funguo zipo kando yake, hajazitia mfukoni.

"Kwa nini ulificha?" nikamwuliza. "Angekufukuza."

Alifikiri. Nilikaa kwenye sanduku, nikangoja.

"Mimi gereji zote za Nakuru zinanijua," akasema. "Nikifukuzwa asubuhi, jioni niko kazi. Nikikosea, watu watasema Ndung'u amekosea. Basi. Lakini wewe, Madam, ukikosea... hawatasema Truphosa. Watasema wanawake. Umesikia Peterson. Kesho hiyo maneno itakuwa imefika Keringet." Akanywa chai. "Mimi niko na Wariara, kifungua mimba wangu. Ako Form Three. Spana zote anazijua kwa namba, anaweza kutoa gia boksi na mimi. Kila mwezi nilikuwa namwambia, soma, kuna msichana anashika stoo kwa Singh, anaheshimiwa. Nilikuwa nataka apate pahali pa kuomba kazi."

Nilizichukua zile funguo pale kando yake, nikamwekea kiganjani.

"Ningenyamaza wewe ungeondoka," nikasema. "Sikuweza kunyamaza."

"Najua. Umefanya vizuri." Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. "Lakini sasa sijui nitamwambia nini."

Akainuka, akaenda stoo, akafungua kwa ufunguo wake, akarudi na kitabu cha oda akaniwekea magotini pamoja na kalamu. "Chagua tena," akasema. "Kuchagua unajua."

Nikaandika: bamba la nyuma, moja. Nyumba ya rota, moja. Sili za ncha, sita, nene. Ndung'u alisimama pale akisoma kila mstari, na mimi nililia nikiandika, wala sikujali nani ananiona.